Mheshimiwa, Mgeni Apite Kijijini: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kilwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Natanguliza salamu kutoka Kazan, ninakosoma. Mimi ni mtoto wa Kivinje, na ninachokuandikia kinahusu mji mdogo ulio mbali sana na Kilwa, ila naona unatuhusu si kidogo.

Mji huo unaitwa Bolgar. Uko ukingoni mwa mto Volga, upande wa kushoto, katika Jamhuri ya Tatarstan nchini Urusi. Wakazi wake hawafiki elfu kumi: Warusi ndio wengi, Watatari, ambao kwa kawaida ni Waislamu, wanafuata. Juni 2014 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikutana Doha. Huko ndiko magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikoondolewa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, baada ya miaka kumi. Na ni katika mkutano huohuo magofu ya Bolgar yalipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Yaani sisi tulitoka wodini wao wakizaliwa. Nikasema lazima niende nikawaone pacha wetu.

Nilikwenda majira ya joto, kwa boti yao iitwayo Meteor, ambayo ikikolea mwendo huinua tumbo juu ya maji. Saa mbili na ushee kutoka Kazan. Gati lao, Mheshimiwa, limejengwa ubavuni mwa genge la mto. Abiria anashuka, anaingia mlangoni, kumbe keshaingia makumbusho. Anapanda ghorofa kwa ghorofa katikati ya vyungu, sarafu na vikufuli vya shaba vyenye maumbo ya wanyama, kisha anatokea juu, magofu haya hapa mbele yake. Sijaona gati lenye adabu kama lile. Nilikumbuka tunavyovua viatu na kukunja suruali kushuka dau pale Kisiwani, nikacheka peke yangu.

Juu kuna Msikiti wa Ijumaa wa karne ya 13, kuta za mawe meupe na mnara. Mnara wa kale ulianguka 1841. Huu wa sasa ulijengwa upya mwaka 2000. Hatua chache tu kutoka kwenye kuta hizo kuna kanisa la miaka ya 1730. Lina kisa chake. Mwaka 1722 Mfalme Petro Mkuu wa Urusi alipita hapa, akayaona magofu, akaamuru yatunzwe. Baada ya miaka kumi hivi kanisa likajengwa, na mawe ya makaburi ya Waislamu yakaingia kwenye msingi wake. Amri ilikuwapo, tena ya mfalme. Jengo moja la kaburi likawa ghala la watawa, jingine likageuzwa kanisa la Mtakatifu Nikolai.

Wangeweza kulipiza. Watatari walipopata nguvu ya kufufua mahali pao patakatifu, kanisa lile lingekuwa la kwanza kubomolewa. Halikubomolewa. Limekarabatiwa, linatazamana na msikiti, na kibao kinasema lilijengwa lini na nani. Mfuko ulioanzishwa 2010 na Mintimer Shaimiev, rais wa kwanza wa Tatarstan, ulichukua Bolgar pamoja na Sviyazhsk, kisiwa cha makanisa na monasteri. Fedha za mfuko mmoja, sehemu mbili, dini mbili. Nikawaza Gereza letu, ile ngome ya Kilwa Kisiwani: Mreno alianza ngome 1505, Mwarabu akaijenga upya, na leo tunapita mbele yake mbiombio kuelekea Msikiti Mkuu kana kwamba ngome si yetu. Na yenyewe ni yetu, Mheshimiwa. Tulipigwa pale.

Sasa nikupe la kukuchekesha. Mwaka 922 mfalme wa Wabulgari wa Volga, watu wa kale wa hapa, aitwaye Almish, aliyekwisha silimu, alipokea ujumbe wa Khalifa Al-Muqtadir kutoka Baghdad. Aliomba walimu wa dini, na fedha za kujenga ngome, dinari elfu nne. Walimu walifika. Dinari hazikufika. Katibu wa msafara, Ibn Fadlan, ameandika mwenyewe jinsi mfalme alivyomweka kitako na kumuuliza fedha ziko wapi. Nadhani kila mtu aliyewahi kusubiri fungu kutoka makao makuu anaijua sauti ya mfalme yule.

Ibn Fadlan huyohuyo anasimulia alivyoketi hemani na mshoni wa mfalme, mtu wa Baghdad, wakipiga soga kungoja isha. Adhana ikalia, wakatoka nje: alfajiri imeshapambazuka. Akamuuliza mwadhini ameadhini nini. Akajibiwa, alfajiri; isha huku tunaiswali pamoja na magharibi. Mwadhini akaongeza kwamba mwezi mzima hajalala usiku kwa kuogopa kupitwa na swala ya asubuhi. Sisi ambao jua letu linazama saa kumi na mbili mwaka mzima, kosa labda nusu saa, hatuwezi kulielewa hilo mpaka tulione. Nimeliona. Mwezi Juni huku jua linazama saa mbili na nusu usiku, na saa tisa limeshachomoza.

Na hizo ndizo nyusiku fupi ambazo Ibn Battuta alisema alikwenda Bolgar kuzitazama. Ndiyo, Ibn Battuta wetu, yule msafiri wa Morocco, aliyefika Kilwa 1331 na kumsifu Sultani Al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu. Baada ya Kilwa alifika nchi za Wamongolia, akaandika kwamba alipanda hadi Bolgar. Wanazuoni wengi hawamwamini kwa safari hiyo, wanasema alinakili habari za wengine. Kilwa alifika kweli. Hapo tumewazidi pacha wetu, na sijui kama vijana wetu wanaotembeza wageni wanalijua la kujivunia hilo.

Nije kwenye ombi langu.

Kundi nililokwenda nalo lilionyeshwa magofu, Msikiti Mweupe uliofunguliwa 2012, na msahafu mkubwa wa kilo 800 ndani ya jumba lake. Kila kitu kilipangwa vizuri mno. Kisha wakarudi gatini na chakchak, vitafunio vyao vya asali, boti ikaondoka. Mji hawakuuona. Mimi nilibaki, nikaenda mjini kwa miguu. Mabati yaliyopakwa rangi, viazi uani, mbwa wamelala barabarani. Bibi mmoja wa Kitatari alikuwa anauza maziwa na vitunguu mbele ya geti lake. Jirani yake Mrusi ameketi benchi hilohilo, wanabishana bei. Nikanunua, nikamwambia rähmät, yaani asante kwa Kitatari. Akashtuka. Basi tukaanza mchezo: mimi nataja, yeye anataja. Kitabu, kitap. Wakati, vakit. Dunia, dönya. Jibu, javap. Nikasema subira, akasema sabir, akaniingiza ndani. Chai yao wanatia maziwa, Mheshimiwa! Na kitu cha pembe tatu chenye nyama na viazi, ambacho kingeokwa Kivinje tungekiita sambusa bila kubisha.

Yule Mrusi naye akaja na kikombe chake. Ndiye aliyenieleza kwamba mji huu si mahali ulipozaliwa. Ulikuwa Spassk, jina la Mwokozi. 1926 ukawa Spassk-Tatarsky. 1935 ukapewa jina la Kuybyshev, kigogo wa Kisovyeti. Na katikati ya miaka ya 1950 bwawa la umeme lilipojaza Volga, watu walihamishwa na mji wao hadi hapa, karibu na magofu. Jina la Bolgar ulipewa 1991. Wazee wake wamezikwa upande ule wa maji, alisema, akaonyesha kwa kijiko. Hayo sikuyakuta kwenye maelezo ya mtembezaji wetu.

Siku hizi meli za watalii zinatia nanga Kilwa. Watu wanashuka kwa mamia, wanatazama, wanarudi melini kula. Naomba njia ya mgeni pale Kisiwani isikatwe kutoka ufukweni moja kwa moja hadi magofuni. Ipite kijijini. Ipite kwa mama anayesuka ukili na kwa fundi anayekalafati mashua, wageni waketi wanywe uji au maji ya dafu kwa bei ya mwenye nyumba. Mtembezaji awe mtoto wa Kisiwani, na Kiswahili kije juu kwenye kila kibao, kama Kitatari kinavyosimama na Kirusi kwenye vibao vya Bolgar. Gati zuri likija, na lije. Nimekwisha sema la kwao nimelipenda. Ila lisiwe mlango wa kumkwepesha mgeni asituone.

Sikuombi mkataba wa udugu wa miji. Urusi iko vitani, na mambo hayo yana wenyewe. Yule bibi, nilipoaga, alinipa pakiti ya majani ya chai kwa ajili ya mama yangu. Nitakuja nayo Desemba, na nikipita Kilwa Masoko nitabisha hodi ofisini kwako.

Wako mtiifu,
Mwana wa Kivinje, Kazan