Kilo 30 zimeingia, kilo 6 zimetoka: vanila yako ilikwenda wapi?

Sisi tunawakaushia wakulima vanila yao, na kila msimu ukiisha tunasikia neno lile lile, na safari hii limesemwa mbele ya wateja wengine: "Mmetuibia." Mzee mmoja wa upande wa Kamachumu, hapa mkoani Kagera, alituletea kilo 30 za vanila mbichi. Alipokuja kuchukua mzigo wake tukamkabidhi kilo 6 kavu. Aliondoka amekasirika, na tumesikia anawaeleza jirani zake kwamba kilo 24 zimebaki kwetu. Ni mtu mzima, na shamba lake ni la kuigwa, kwa hiyo hatukubishana naye. Lakini jibu linawahusu wakulima wote wanaotuletea mzigo, kuanzia Missenyi hadi Muleba, ndiyo maana tunaliandika.

Vanila mbichi ni maji. Katika kila kilo 100, kilo 80 hadi 85 ni maji matupu. Tuchukue 85: kilo 30 za mzee zilikuwa na kilo 4.5 tu za kitu kigumu, na humo ndimo zilimo mbegu, mafuta, sukari na harufu yenyewe. Hatukaushi mpaka maji yaishe, maana vanila iliyokauka kabisa inakatika mkononi na haina mnunuzi wa maana. Tunabakiza unyevu wa asilimia 25 au kuzidi kidogo, yaani kitu kigumu kinakuwa kama asilimia 75 ya mzigo mkavu. Gawanya 4.5 kwa 0.75, unapata kilo 6. Madagaska, wanakolima vanila kuliko nchi yoyote, na hapo jirani Uganda, hesabu ni hiyo hiyo: kilo 5 hadi 6 mbichi kwa kilo 1 kavu. Mtu akikuahidi kilo 10 kavu kutoka kwenye 30 zako, ujue atakurudishia maji, na maji hayo yatakuja kuota ukungu ukiwa umeshalipa.

Kilo zinapungua, lakini idadi ya matunda haipungui. Siku unapoleta mzigo tunachambua tunda moja moja kwa urefu, kwa kuwa marefu na mafupi hayakai kwa muda mmoja kwenye maji ya moto tunayoanzia kazi, na tukiwa tunachambua tunahesabu. Idadi inaandikwa kwenye daftari letu na kwenye kadi yako, unaweka sahihi. Hata tunda lililopasuka au kuoza njiani tunaliweka pembeni na kuliandika. Siku ya kuchukua unaonyeshwa. Mzee alikuwa na kadi, tukamwomba ahesabu. Akataka mizani tu. Tunawaomba sana: mnapokuja kuchukua, hesabuni kwanza, mizani baadaye. Na mwenye wasiwasi zaidi afanye kama wakulima wa Madagaska. Tunda likiwa bado bichi shambani, wanalichoma vitobo vya pini kwa alama ya mwenye shamba, na kovu linaonekana hata tunda likishakauka. Kule walianza kwa sababu ya wezi. Hapa itakusaidia kujua kwamba ulichopewa ni cha kibanja chako.

Sasa bei. Tunatoza kwa kilo mbichi, na wengi wanatuambia ni ghali kwa kazi ya "kuanika tu". Anayesema hivyo hajawahi kukaa na vanila.

Tunda likichumwa halinukii chochote. Harufu imefungwa pamoja na sukari, na vimeng'enya vya kuifungua vimo ndani ya tunda hilo hilo, ila havikutani nayo mpaka tunda liuawe. Kuliua ni kulizamisha kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa kama dakika 3, mafupi yanatoka mapema zaidi. Maji yakiwa ya uvuguvugu tu, tunda linabaki hai, linaendelea kuiva na kupasuka. Yakichemka, vimeng'enya vinaungua, na baada ya hapo hakuna jua wala blanketi litakaloirudisha harufu. Mama mmoja alitaka kupunguza gharama, akayaua matunda yake mwenyewe nyumbani, kipimo chake kidole, kisha akatuletea tumalizie. Kapu lilikuwa limezama kwenye sufuria inayotokota. Matunda yalitufikia yametepeta, meusi mapema mno. Tulimweleza pale pale yatakavyokuwa, akasisitiza tuendelee, na mwisho alipata vanila nyeusi nzuri kwa macho inayonuka nyasi kavu. Alilipa gharama zote na akauza kwa bei ya kutupa. Kipimajoto kingemgharimu kidogo sana.

Likitoka majini linafungwa moto moto ndani ya mablanketi, linawekwa kwenye kasha lililofunikwa, litoe jasho siku moja hadi mbili. Hapo kijani kinageuka rangi ya chokoleti na harufu ya kwanza inapanda. Kisha jua, saa chache tu kwa siku, na linarudishwa kwenye blanketi likiwa bado na joto, kila siku kwa wiki moja au mbili. Wingu likitanda, watu wetu wanakimbia. Baada ya jua ni kichanjani, kivulini, penye upepo, wiki kadhaa. Kila tunda linapitishwa kati ya vidole kulinyoosha na kusikia kama ndani bado kuna sehemu laini isiyokauka. Likishakauka vya kutosha, linalala kwenye kasha la mbao lenye karatasi ya nta kwa miezi miwili mitatu, na kila wiki tunafungua, tunanusa, tunatoa lenye dosari, kwa sababu moja likiota ukungu linaambukiza fungu zima. Ukihesabu tangu maji ya moto, ni miezi minne hadi sita. Hiyo ndiyo "kuanika tu".

Njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni ya mteja anayekuja kudai mzigo wake kabla haujafika kichanjani. Matunda yameshakuwa ya kahawia, yananukia, yananyumbulika, na mizani bado inapendeza. Dalali amemwambia atachukua hivyo hivyo. Kijana mmoja, msomi, mwenye kibanja cha baba yake, alituchukulia mzigo katika hatua hiyo, akaufunga kwenye mifuko ya nailoni akauweka chini ya kitanda asubiri bei ipande. Aliporudi kwetu alikuwa na fungu moja tu mkononi. Mikunjo yote karibu na kikonyo ilikuwa na manyoya meupe, mengine yameanza kugeuka kijivu, na ukilifungua lilinuka kama dawa ya hospitali. Alikuwa ameshayafuta kwa spiriti na ukungu ukarudi. Unarudi siku zote, kwa sababu spiriti inafuta juu na maji yamo ndani. Alituomba tuyachanganye na mzigo wa wengine ili harufu ifichike. Hatukukubali, na hatutakubali kwa yeyote.

Madagaska wamepita njia hiyo kwa kiwango cha nchi. Kimbunga Enawo kilipopiga mashamba Machi 2017 bei ikapaa, na mwaka 2018 kilo moja ilipita dola 600. Watu wakachuma machanga, wakakausha haraka haraka, wengine wakafungia vanila mbichi kwenye plastiki iliyonyonywa hewa ili isipoteze uzito. Wanunuzi walipokea harufu hafifu kwa bei ya juu, wengi wakapunguza kununua, na bei ilipoanguka iliwaangukia waliochakata vizuri pia.

Suala la kuchuma mapema tunalijua chanzo chake: wezi, ada za shule, na mlanguzi anayenunua tunda likiwa bado kwenye rando, butura ile ile iliyotutesa kwenye kahawa. Tunawaonea huruma wenye shida hizo. Lakini tunda linataka kama miezi 9 tangu siku ulipochavusha ua lake, na dalili ni ncha yake kuanza kuwa ya njano. La miezi sita halina kitu cha kufunguliwa. Likikauka linakuwa jembamba, gumu, na uwiano wake si 5 kwa 1 tena bali mbaya zaidi. Machanga tunayarudisha getini, na wanaotukasirikia kwa hilo tunawaokoa na gharama ya kuchakata kisichouzika.

Kwa wanaonunua kavu kwetu kwa matumizi ya jikoni na keki: hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabatini pasipo mwanga. Msiweke kwenye friji, linakakamaa na hata kuota ukungu. Na mkiona vitu vyeupe, viangalieni juani kabla ya kutupigia simu. Mama muoka keki wa Bukoba mjini alitaka arudishiwe pesa kwa "ukungu" uliokuwa sindano ndogo ndogo zinazometameta. Hiyo ni harufu yenyewe imetoka nje ikaganda, na ni alama ya tunda lililoiva barabara. Ukungu haumeti, ni kama vumbi au manyoya, na unanuka uvundo.

Msimu ujao mzigo uje ukiwa umechumwa siku hiyo au jana yake, haujaoshwa, ukiwa na vikonyo vyake, ndani ya kapu au kreti na si kiroba cha nailoni. Njoo asubuhi, na uwe na muda wa kukaa mpaka tumalize kuhesabu.