Klabuni nako watu hutoka jasho

Ndugu Mhariri,

Msomaji aliyeandika kwamba kuwinda fezanti, ndege wa jamii ya kuku, kwenye klabu za uwindaji ni kufyatulia risasi kuku wa kufuga, namwelewa. Ndege wengi wa huko hulelewa bandani kisha huachiwa ili wawindwe. Lakini aje atembee!

Januari hii baba mkwe alitupeleka, mimi, mke wangu na shemeji zangu wawili, kwenye klabu moja huku South Dakota. Theluji magotini, fulana za rangi ya chungwa, mbwa mbele. Fezanti jogoo, ndege rasmi wa jimbo hili tangu 1943 ingawa asili yake ni Asia, akafurumka karibu na buti langu kwa kelele. Nilishtuka hata bunduki nikaisahau. Shemeji mmoja akampiga. Mimi, mjukuu wa mtega kanga wa Handeni, nikapewa kubeba! Jioni mama mkwe akampika kwa krimu. Nilitamani tui la nazi.

Msomaji wenu,
Sioux Falls, Marekani