Jebu na ngumi za mwili, si konde moja zito

Mhariri,

Mjadala wa wapenzi wa masumbwi kuhusu bondia ambaye angeweza kumshinda Floyd Mayweather, bondia wa Marekani, alipokuwa kwenye ubora wake hurudi kila mara kwenye jibu lilelile, kwamba angehitajika mtu mwenye konde zito la kumlaza chini mara moja. Naomba nafasi katika gazeti lako nilipinge jibu hilo. Mayweather aliacha ulingo mwaka 2017 akiwa na mapambano 50 na ushindi 50, na miongoni mwa aliowashinda wamo wapigaji wazito wa kutosha. Waliomtaabisha kweli hawakumtaabisha kwa uzito wa ngumi.

Inafaa tuangalie jinsi anavyosimama. Humpa mpinzani ubavu, bega la kushoto likiwa limeinuliwa hadi kufunika kidevu, mkono wa kushoto umelazwa juu ya tumbo, na kiganja cha kulia kipo karibu na shavu. Ngumi ya kulia ya mpinzani ikija, hulizungusha bega kidogo tu, ngumi ikateleza juu yake, na kabla mrushaji hajaurudisha mkono wake, ngumi ya kulia ya Mayweather imekwisha kufika. Kwa hiyo bondia anayesubiri nafasi ya kurusha konde moja la nguvu anamletea kile hasa anachokisubiri. Shane Mosley alilipata konde hilo tarehe 1 Mei 2010: katika raundi ya 2 ngumi ya kulia ilimpata Mayweather sawasawa, magoti yakamlegea, akalazimika kumng'ang'ania Mosley mkono asianguke. Baada ya hapo Mosley aliendelea kuwinda konde la namna ileile raundi baada ya raundi, na majaji wawili wakampa Mayweather ushindi wa 119 kwa 109, wa tatu 118 kwa 110.

Linganisha na usiku wa tarehe 20 Aprili 2002 mjini Las Vegas, Mayweather alipompokonya Jose Luis Castillo mkanda wa uzito mwepesi wa WBC, Baraza la Ndondi la Dunia. Castillo, bondia wa Mexico ambaye hakuwa na kasi ya kutisha, alimsogelea bila papara, akamsukumia kwenye kamba, akaegemeza kichwa kifuani pake na kumpiga mbavuni, kwenye mikono na nyongani. Bega haliwezi kutelezesha ngumi iliyorushwa kutoka umbali wa shubiri moja. Kwa hesabu ya CompuBox, mfumo wa kuhesabu ngumi za mabondia, Castillo alifikisha ngumi 203 dhidi ya 157 za mwenzake, na ingawa majaji wote watatu walimpa Mayweather, Harold Lederman aliyekuwa akihesabu pointi kwa ajili ya watazamaji wa televisheni ya HBO alimpa Castillo. Ni haki kusema kwamba Mayweather alieleza kuwa bega lake lilikuwa na jeraha. Hata hivyo, jeraha halielezi kwa nini Marcos Maidana naye, tarehe 3 Mei 2014, alimfikishia ngumi 221 kwa mbinu ya jamii hiyohiyo, akiongeza ngumi ya kulia iliyopitishwa juu ya bega na kushukia pembeni mwa kichwa badala ya kuja moja kwa moja. Jaji mmoja usiku ule aliona sare.

Kusonga mbele peke yake, lakini, hakutoshi. Castillo na Maidana wote walipewa pambano la marudio, na mara zote mbili Mayweather aliziacha kamba, akazunguka ulingo, akakumbatia kila alipokaribiwa, na akashinda. Ndiyo maana nashikilia kwamba shinikizo lazima litanguliwe na jebu, yaani ngumi ya haraka na iliyonyooka ya mkono wa mbele. Oscar De La Hoya alilionyesha hili tarehe 5 Mei 2007. De La Hoya kwa asili ni mashoto anayesimama kama mtu wa kulia, kwa hiyo mkono wake wa mbele ndio wenye nguvu, na kila alipourusha kifuani na usoni, Mayweather alirudi nyuma bila kujibu. Raundi za mwisho jebu ile ilitoweka, na ushindi ukaondoka nayo, ingawa jaji mmoja bado alimpa De La Hoya. Sijui pambano jingine linaloniuma kama hilo ninapolitazama, kwa sababu silaha ilikuwepo mkononi na mwenyewe aliiweka chini.

Wapo wanaosema dawa ni mashoto anayesimama kimashoto, mkono wa kulia mbele na wa kushoto nyuma. Ni kweli kwamba ngumi ya kushoto ya mashoto huja kwa njia ambayo bega lililoinuliwa haliizibi vizuri, na Zab Judah mwaka 2006 alimsumbua sana katika raundi za mwanzo kwa kasi yake. Lakini Judah alichoka, na Manny Pacquiao, mashoto aliye bora kuliko Judah, alifikisha ngumi 81 tu katika raundi 12 za mwaka 2015. Aliingia, akarusha mbili tatu, akatoka. Hakumzibia njia ya kutokea wala hakumshughulikia mwili.

Historia nayo inaunga mkono. Willie Pep, ambaye kwa maoni yangu hajapata mfano katika sanaa ya kukwepa, alikuwa amepoteza pambano moja tu alipokutana na Sandy Saddler mwezi Oktoba 1948. Saddler, mrefu na mwenye mkono wa kushoto usiochoka, alimbana, akampiga mwilini na kumlaza raundi ya 4. Katika mapambano yao manne Saddler alishinda matatu.

Nikitakiwa nitaje mtu mmoja wa uzito wa welta (takribani kilo 67) ambaye angemshinda Mayweather, namtaja Thomas Hearns wa mwaka 1981. Wengi humtaja kwa sababu ya mkono wake wa kulia; mimi namtaja kwa ule wa kushoto, jebu ya mtu wa sentimita 185 ambayo ilimvimbisha Ray Leonard jicho hadi likakaribia kufumba, na kumweka Hearns mbele kwa majaji wote watatu hadi raundi ya 14. Leonard aliokoka kwa kumshambulia kwa fujo hadi refa akasimamisha pambano. Mayweather wa uzito wa welta hakuwa mtu wa kumaliza mapambano kwa namna hiyo, na dhidi ya jebu ile angelazimika kuja mbele mwenyewe, jambo ambalo katika maisha yake ya ulingoni alilifanya kwa nadra sana.

Wako,
Mpenzi wa masumbwi,
Morogoro