Nyuki wa Tanga hawakupigana peke yao

Ndugu Mhariri,

Nanunua gazeti lenu tangu mwaka 1978 nilipoanza kazi ya ualimu, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Mlipopandisha bei nilinyamaza. Mlipoondoa ukurasa wa mashairi nilinyamaza vilevile, ingawa iliniuma. Lakini makala yenu ya Jumamosi iliyopita, ile ya nyuki wa Tanga "walioifukuza Uingereza", pamoja na kikatuni cha Mzungu anayekimbilia baharini huku ameshika makalio, imeninyima usingizi.

Nyuki walikuwepo, sikatai. Mapigano ya Waingereza na Wajerumani hapa Tanga, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, yalipopamba moto tarehe 4 Novemba 1914, risasi zilipiga mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka na kumvamia kila waliyemkuta. Mwandishi wenu kasahau kusema kwamba waliwauma na watu wa Mjerumani pia, hata wapiga bombomu wao, yaani bunduki za rashasha, wakalazimika kuacha silaha na kukimbia.

Kilichowaangusha Waingereza ni uzembe wa wakubwa wao, na kilichowasimamisha Wajerumani ni watu ambao makala yenu haikuwataja hata kwa neno moja. Meja Jenerali Arthur Aitken alikuja na watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliofungiwa melini tangu Bombay, vikosi ambavyo havijawahi kupigana pamoja. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari HMS Fox aliingia bandarini kuutaka mji usalimu amri, yaani alikuja kubisha hodi kabla ya kuvamia. Baadaye, wakati Waingereza wanasaka mabomu ya majini na kushusha watu Ras Kasone gizani, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa anashusha askari wake kwenye treni iliyotoka Moshi. Hao askari, Mhariri, walikuwa Waafrika. Hawakufika 1,200 pamoja na Wazungu wao, na ndio waliokabiliana na jeshi lile hadi likarudi melini tarehe 5. Waingereza waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walizidi 800, na wakaacha ufukweni bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Kwa silaha hizo Wajerumani waliendelea kupigana, na vita ikazunguka nchi nzima kwa miaka minne. Hapo ndipo ilipomfikia babu yangu.

Jumatatu mjukuu wangu alirudi kutoka shule akicheka. Mwalimu wao aliwasomea makala yenu darasani, watoto wakagawanywa, nusu nyuki nusu Waingereza, wakakimbizana uwanjani mpaka kengele. Nikamwita, nikamkalisha mkekani, nikamuuliza: unajua babu yangu alifanya nini katika vita hiyo? Akanijibu, "Babu, si walikuwa nyuki tu?" Ana miaka 11. Sikumkasirikia yeye.

Babu mzaa baba alikuwa mkata mkonge karibu na Muheza. Mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Tanga, alikamatwa siku ya gulio akiwa na kikapu cha mihogo mkononi, akafungwa kamba na wenzake, akafanywa mpagazi. Alibeba ratili 50 kichwani mpaka Rufiji. Nilimfahamu; alifariki mimi nina miaka 14. Mguu wake wa kulia ulibaki na vidole viwili, vingine viliisha kwa funza huko njiani. Alikuwa hali ugali ambao haujaiva sawasawa, hata kama ni njaa ya namna gani, kwa sababu aliona wenzake wakihara damu kwa posho ya unga waliokula mbichi, maana mwendo ulikuwa hauwapi nafasi ya kupika. Kila mvua ya masika ilipoanza alitoka barazani akaingia ndani, akageukia ukutani. Sisi watoto tulidhani anaogopa radi. Bibi ndiye aliyetuambia kwamba masika ya mwaka 1917, Rufiji ilipofurika na chakula kikakosa njia ya kufika, babu alilala usiku mzima kati ya watu wawili aliotoka nao kijiji kimoja, na kulipokucha akajikuta yeye peke yake ndiye aliye hai. Alirudi nyumbani na ngata yake ya majani makavu na kibati cha mviringo chenye tundu na namba. Hicho kibati ndicho kilichokuwa jina lake jeshini. Wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yao, wengi wao kwa maradhi na njaa, na mnataka tucheke nyuki?

Na kibati chenyewe hatunacho tena. Mwaka 2014, vita ilipotimiza miaka 100, alikuja bwana mmoja wa taasisi fulani, msafi, mwenye maneno mazuri. Tulimpikia. Akasema kinahitajika kwenye maonyesho ya miezi mitatu, akaniandikia stakabadhi kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Nimekwenda ofisini kwao mara nne. Mara ya mwisho kijana wa mapokezi aliniuliza, "Mzee, hicho kibati kilikuwa na thamani gani?" Stakabadhi bado ninayo, imekunjika mpaka imetoboka kwenye mikunjo.

Halafu hii ya kuchekesha si mara yenu ya kwanza. Mwaka jana mliandika habari za "vita vifupi kuliko vyote duniani", ile ya Unguja ya tarehe 27 Agosti 1896, mkaweka na picha ya saa ya ukutani. Dakika 38, mkasema, haitoshi hata kupika pilau. Katika dakika hizo watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa ndani na kando ya jumba la Sultani. Huko waliona damu, nyinyi mkaona pilau. Na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani na kupigwa na Waingereza siku hiyo, ambaye mlimwacha akikimbilia ubalozi wa Mjerumani kana kwamba hadithi imeishia hapo, Waingereza walimkamata Dar es Salaam katika vita hii hii ya babu yangu, wakampeleka uhamishoni, akaja kufia Mombasa mwaka 1927.

Mwaka huohuo wa 1927 ndipo ilipozinduliwa ile Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam. Nendeni mkasome maandishi ya chini yake, ni mwendo mfupi tu. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba atakayeifia nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Nairobi walimchonga na mpagazi wao. Dar es Salaam askari amesimama peke yake, na mpagazi kabaki kwenye maneno ambayo wapita njia hawasimami kuyasoma. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha hao wapagazi, "Carrier Corps" kwa Kiingereza, lakini mnaandika habari za Kariakoo kila siku, bei ya vitunguu, moto, foleni, na sijaona hata mstari mmoja unaomweleza kijana jina hilo limetoka wapi.

Basi naomba hivi. Jumamosi mna safu ya nyota, inakula robo ukurasa. Iondoeni kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Mahali pake wekeni majina 20 ya wapagazi kila wiki: jina, kijiji, na sentensi moja ya yale ambayo familia inakumbuka. Wasomaji watayaleta. Korogwe yapo, Dodoma yapo, Songea yapo, Kenya na Malawi yapo, kwa sababu walikamatwa kila mahali. Msiyapange kwa kabila wala kwa upande waliobebea, maana wengi hawakuulizwa. Na mwandishi wa ile makala ndiye ayapokee majina hayo kwa simu, yeye mwenyewe, asikie sauti za wanaoyataja.

La babu yangu sitalituma kwa simu. Nitapanda basi nilete mwenyewe, pamoja na stakabadhi.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga