Barua kwa mdogo wangu anayeanza Old School RuneScape

Mdogo wangu,

Nimesikia umeshaipakua Old School RuneScape kwenye simu na mhusika wako umeshampa jina. Nimefurahi mno. Ningeweza kukupigia, lakini nimeamua kuandika na kuiacha barua wazi, maana wapo wengine wanaoanza wiki hii hii na hawana dada wa kuwaelekeza. Wakisoma, sawa. Maneno ni yako.

Kubwa ninalotaka kukuomba ni hili: usikubali mtu akukatishe mwanzo wako. Utakutana na watu watakaotaka kukumwagia sarafu, kukuvika silaha nzuri, kukuchorea ratiba ya kupandisha levo kwa kasi. Wapo wenye roho nzuri kati yao, na wapo wezi. Kwa sasa wote wape jibu moja: asante, natembea mwenyewe.

Nakuambia hivyo kwa sababu naijua gemu yenyewe ilivyojengwa. RuneScape ilifunguliwa Uingereza tarehe 4 Januari 2001, kazi ya Andrew Gower na ndugu yake Paul. Hilo toleo ulilonalo wewe lilianza Februari 2013, baada ya wachezaji kupiga kura kudai gemu ya zamani irudishwe, na Jagex, kampuni inayoiendesha, ikaifufua kutoka kwenye nakala ya Agosti 2007. Kwa hiyo umeingia kwenye ulimwengu uliotengenezwa kwa watu wa kwenda pole pole. Kuna stadi zaidi ya 20: kuvua, kupika, kuchimba madini, kufua chuma, uchawi, upigaji mishale na nyinginezo, na kila moja inapanda hadi levo 99. Kutoka levo 1 kwenda 2 unahitaji pointi 83 tu za uzoefu. Kufika 99 unahitaji pointi 13,034,431. Levo 92 ndiyo nusu ya safari hiyo, na levo 50, ambayo utaiona kubwa sana ukiifikia, ni pointi 101,333, yaani haifiki hata asilimia moja ya njia. Sasa mtu akikuambia uharakishe kwa sababu gemu inaanza mwishoni, piga hesabu uone anataka uruke nini. Huo "mwisho" wake uko mbali kiasi kwamba ukiuwekea macho muda wote utachoka kabla hujaipenda gemu, na wengi huacha namna hiyo.

Anza na mpishi. Ukitoka kwenye kisiwa cha mafunzo utajikuta Lumbridge, kwenye ngome. Ingia jikoni, ghorofa ya chini. Utamkuta mpishi amechanganyikiwa: ni siku ya kuzaliwa ya Duke, mtawala wa Lumbridge, keki haijaokwa, na hana yai, maziwa wala unga. Ni misheni ndogo kabisa, na ndiyo maana wakongwe watakuambia uipite haraka, au watakurushia vitu vyote vitatu mkononi. Kataa. Chungu kipo pale pale mezani, kichukue. Ndoo inauzwa dukani kwa bei ya kutupa. Yai utaliokota kwenye banda la kuku. Maziwa utayapata kwa ng'ombe wa maziwa, maana si kila ng'ombe utakayemgusa anakamuliwa; wengi wao kazi yao ni kupigwa upanga. Unga ndio wenye kazi. Ingia shambani uvune ngano, kisha uende kwenye kinu cha upepo kaskazini mwa Lumbridge. Panda ngazi hadi juu kabisa, mimina ngano kinuni, halafu vuta wenzo. Usipouvuta, hakuna kitakachosagika hata ukae pale hadi usiku. Ukishauvuta, shuka hadi chini, na hapo unga utakuwa unakusubiri uukinge kwa chungu chako.

Zawadi yake ni pointi 1 ya misheni na pointi 300 za upishi. Lakini tazama ulichojifunza njiani: kutumia kitu juu ya kitu kingine, kupanda na kushuka ghorofa, kusoma ramani, kutofautisha mnyama na mnyama, na kwamba karibu kila kitu katika ulimwengu huu kina asili yake na unaweza kuifuata kwa miguu. Manyoya unayookota ukiua kuku yanatumika kuvulia samaki aina ya trout pale Barbarian Village ukifika levo 20 ya uvuvi. Trout mmoja anakurudishia afya 7, wakati uduvi wa kuanzia anarudisha 3. Kwa hiyo yule kuku uliyemdharau ndiye anayekulisha vitani. Aliyekurushia unga amekunyima kuliona hilo, hata kama alikusudia mema.

Kuhusu kufa. Utakufa, na mara nyingi kwa wanaoanza inatokea njiani kwenda Varrock. Kusini mwa mji ule kuna duara la mawe, na wachawi wa nguo nyeusi wanazunguka pale. Hawakusubiri uwachokoze, na uchawi wao unakufikia kwa mbali. Zungukia mbali, washa kukimbia, usisimame kutazama. Jizoeze pia kusoma rangi ya levo ya adui: ikiwa kijani yuko chini yako, ikielekea wekundu amekuzidi.

Ukianguka usitaharuki. Unabaki na vitu vitatu vyenye thamani kubwa kuliko vyote ulivyokuwa umebeba, na vilivyobaki vinakaa kwenye kaburi pale pale ulipofia kwa dakika 15. Rudi ukavichukue. Zikipita hizo dakika bado havijapotea, ila vya thamani utavilipia kuvikomboa. Kinga nzuri kuliko zote inaanzia benki, ambayo kule Lumbridge iko juu kabisa ya ngome: beba chakula, silaha unayoitumia na nafasi tupu za kuwekea utakachookota, vingine vyote viache. Mizigo mizito inakumalizia nguvu za kukimbia, na nguvu hizo ndizo zinazokuokoa kwa wale wachawi. Uchawi wa kukurudisha Lumbridge ni bure, unautumia mara moja kila dakika 30, ila unakatika ukishambuliwa. Uutumie mapema, kabla hujazingirwa.

Sheria hiyo ya kaburi ina mahali ambapo haikusaidii, na hapa nakuomba usome taratibu. Kaskazini mwa Varrock kuna mtaro mrefu, na ng'ambo yake ni Wilderness. Huko wachezaji wanauana. Kadiri unavyosogea kaskazini, ndivyo tofauti ya levo inayoruhusiwa inavyopanuka, kwa hiyo mtu aliyekuzidi sana anaweza kukupiga kihalali. Akikuua, vile vitatu vinabaki kwako, vilivyobaki vinamwangukia yeye. Eneo lenyewe nalo lina levo zake, zinazopanda kadiri unavyokwenda kaskazini; ukipita ya 20, sehemu kubwa ya uchawi wa kuhama haifanyi kazi. Ukitamani kupaona, nenda ukiwa huna kitu mkononi. Ni pazuri na panatisha, na kuingia pale mifuko mitupu ni raha. Lakini mtu uliyekutana naye dakika kumi zilizopita akikuambia "nifuate, kuna sehemu ya pesa, vaa vitu vyako vizuri", na miguu yake inaelekea kaskazini, simama hapo hapo.

Wezi wa gemu hii wana mbinu chache na wanazirudia miaka nenda rudi kwa sababu kila siku kuna mtu mpya. Wa kwanza anasimama sokoni akipiga kelele kwamba anazidisha sarafu: mpe 1,000 akurudishie 2,000. Atakurudishia kweli. Utampa 5,000, atakurudishia 10,000. Siku utakayompa akiba yako yote, anatoweka. Wa pili atakuambia anaweza kulitia vazi lako la chuma mapambo ya dhahabu, bure, umwachie tu kidogo. Hakuna stadi ya namna hiyo kabisa. Mavazi ya mapambo yanatoka kwenye masanduku ya zawadi ya wanaofumbua mafumbo ya hazina. Wa tatu anabadilisha kitu katikati ya biashara. Biashara kati ya wachezaji ina skrini mbili, na ile ya pili ipo kwa sababu yake. Isome neno kwa neno kabla ya kukubali, hata kama mwenzako anakusukuma kwenye chati akisema ana haraka. Haraka yake ndiyo dalili.

Wa nne ndiye mbaya kuliko wote kwa sababu hakujii ndani ya gemu peke yake. Anakutumia ujumbe ukidai unatoka kwa kampuni, kwamba akaunti yako ina tatizo au umeshinda zawadi, ingia hapa uweke nenosiri. Mfanyakazi wa kampuni hahitaji nenosiri lako na hatakuomba. Leo hii, kabla hujamkamua ng'ombe yeyote, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti na kwenye barua pepe unayoitumia, kisha ongea na karani wa benki uweke namba ya siri ya tarakimu nne. Halafu nenda Barbarian Village ushuke shimoni kwenye Stronghold of Security. Ina ghorofa nne, na milango yake inakuuliza maswali ya usalama wa akaunti. Hufunguliwi mpaka ujibu sawasawa. Ghorofa tatu za kwanza zinakupa jumla ya sarafu 10,000 na ya mwisho jozi ya viatu. Kwa mgeni hizo ni pesa za maana, tena umezipata kwa kujifunza kujilinda. Beba chakula cha kutosha, wanyama wa chini ni wakali.

Kununua sarafu kwa watu wa nje kwa pesa halisi ni kinyume cha sheria za gemu na akaunti inaweza kufungiwa. Uanachama wa kulipia uache kwanza. Sehemu ya bure ina ardhi na misheni za kukutosha kwa muda mrefu, na utajua mwenyewe siku itakapokubana. Siku hiyo kumbuka kuna bondi, ambayo unaweza kuinunua kwa sarafu za ndani ya gemu na ikakupa siku 14 za uanachama. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo usiifanye lengo la mwezi wa kwanza.

Kwenye simu, kugonga ni kutenda, kubonyeza kwa muda kunafungua orodha ya vitendo vyote. Izoee, hasa sehemu zenye watu wengi, usije ukagusa usichokusudia.

Klani, yaani kundi la wachezaji, jiunge na yoyote inayokujibu kwa upole ukiuliza swali dogo. Ikikudharau kwa kuwa mpya, toka siku hiyo hiyo.

Na mapambano? Kuna pembetatu: mwenye upanga humshinda mpiga mishale, mpiga mishale humshinda mchawi, mchawi humshinda mwenye upanga na chuma chake. Jaribu zote tatu mapema. Usimsikilize anayesema moja ndiyo sahihi.

Sasa nikupe kitu cha kukilenga, maana najua utaniuliza. Ukikusanya pointi 32 za misheni, mlango wa Champions' Guild, kusini magharibi mwa Varrock, utafunguka kwako. Ndani utaambiwa habari za joka Elvarg anayeishi kisiwa cha Crandor. Kumuua ndiyo misheni kuu ya wachezaji wa bure, na ndiyo inayokupa haki ya kuvaa vazi la kifua la chuma cha rune. Utahitaji meli, nayo inauzwa Port Sarim kwa sarafu 2,000, mbovu, utaitengeneza mwenyewe. Utahitaji nahodha, na ni mzee msokota kamba aliyeko Draynor. Utahitaji ngao ya kuzuia moto, kwa sababu bila hiyo joka linakumaliza kwa pumzi chache, na anayeitoa ngao hiyo ni Duke wa Lumbridge, yule yule uliyemhangaikia keki. Utahitaji pia ramani, na imekatwa vipande vitatu vilivyofichwa mbalimbali.

Beba kambakoche (lobster) waliopikwa ukiwapata, kila mmoja anarudisha afya 12, ujaze mfuko. Mimi utakaponiongeza kwenye orodha ya marafiki nitakuwa naona ukiingia. Ukiniuliza vipande vya ramani viko wapi nitakuambia. Usiponiuliza nitanyamaza, na sitakutumia hata sarafu moja.

Dada yako