Shukrani kwa mtu wa kumi

Kaka uliyeingia sinagogi letu hapa Nairobi, kando ya Uhuru Highway, asubuhi ya Sabato ukiwa umelowa mvua: asante sana. Tulikuwa wanaume tisa. Mwaka ulikuwa umetimia tangu baba afariki, na Kadishi, sala yetu Wayahudi ya kuwakumbuka marehemu, haisomwi bila kutimia wanaume kumi. Jumuiya yetu ipo tangu 1904, lakini tumebaki wachache. Ziko Sabato tunasubiri hadi tunakata tamaa. Ulisimama karibu nami, ukaitikia “Amina” kama mtu aliyemjua marehemu. Baada ya divai na mkate ukaenda zako. Siku ya Sabato hatuandiki wala hatushiki simu, ndiyo maana sikuchukua jina lako. Mama anakuombea kila Ijumaa jioni, akishawasha mishumaa.