Risala ya Walimu wa Lugha kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Usomaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Kamati ya Shule, walimu wenzetu, wazazi na wanafunzi wapendwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuupokea mwaliko wetu na kuja kujumuika nasi. Kwa niaba ya walimu wa lugha, naomba nikueleze namna tunavyofundisha ufahamu na msamiati kwa kutumia hekaya mashuhuri za kale, kisha nikufikishie maombi yetu.

Mgeni Rasmi, wapo wanaouliza kwa nini tuwasomeshe watoto habari za mbwa mwitu na mabinti wa kifalme ilhali mtihani huleta vifungu vya mambo ya leo. Jibu letu ni kwamba mtoto aliyekwisha kuisikia hadithi hahangaiki tena kufuatilia nani kafanya nini, hivyo akili yake inabaki huru kuyatazama maneno yenyewe na jinsi yalivyopangwa. Aidha, hekaya hizi hurudiarudia kauli zake, na neno geni likimjia msomaji mara ya pili na ya tatu, mara nyingi huikisia maana yake kabla mwalimu hajaitaja.

Tuchukue hekaya ya msichana mwenye kofia nyekundu, ambayo Charles Perrault aliichapisha nchini Ufaransa mwaka 1697, na ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, wakaitoa kwa namna yao mwaka 1812. Darasani tunauliza: mbona mbwa mwitu hakumla msichana palepale msituni walipokutana? Wanafunzi wengi hukimbilia kusema kwamba hakuwa na njaa, jibu ambalo halimo katika simulizi yoyote kati ya hizo mbili. Mwalimu hamwambii mtoto kuwa amekosa, bali humuuliza, "Umelisoma wapi?" Hapo vichwa huinama, vidole vikaanza kutembea juu ya mistari, mpaka mmoja agundue kwamba kwa Perrault mbwa mwitu aliwaogopa wakata kuni waliokuwa karibu, na mwenzake aone kwamba kwa akina Grimm alikuwa amepania kuwapata wote wawili, bibi na mjukuu. Swali ni lilelile na majibu ni mawili, yote sahihi, ila kila moja lina mstari wake wa kulithibitisha, na kwetu sisi huo ndio ufahamu tunaoutafuta.

Msamiati nao hufuata humohumo. Mbwa mwitu anapojilaza kitandani kwa bibi na kuigiza sauti yake, je, anadanganya tu, au anahadaa, au analaghai? Wanafunzi hubishana, na kila mmoja hutakiwa kuitetea hoja yake kwa tendo lililomo katika hadithi, kisha alitumie neno alilolichagua katika sentensi isiyohusu hadithi hiyo kabisa, kwa kuwa neno lisilotoka nje ya ukurasa lilimofundishiwa husahaulika upesi.

Tunafahamu pia kwamba simulizi ya Perrault inaishia msichana akiwa amemezwa, bila mwindaji wa kumwokoa kama ilivyo kwa akina Grimm. Wadogo tunawasomea ile yenye uokozi. Wakubwa, kwa maoni yetu, wasome zote mbili na waeleze mwisho huo unabadilishaje maana ya hadithi nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikwazo chetu kikubwa ni uhaba wa nakala. Mara nyingi mwalimu ndiye mwenye kitabu, naye husoma kwa sauti darasa zima likimsikiliza. Watoto huifurahia hadithi, lakini tukiwauliza wamelisoma wapi jibu lao, hawana mstari wa kuuwekea kidole. Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata nakala za kutosha, hasa za hadithi moja iliyosimuliwa kwa namna zaidi ya moja, na utuunge mkono ili kipindi cha maktaba kiheshimiwe katika ratiba badala ya kugeuzwa muda wa kufidia masomo mengine. Wazazi nao tunawaomba, mtoto anapowasomea nyumbani, wamuulize swali lilelile tunalomuuliza hapa.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha uzungumze nasi, kisha uwasikilize wanafunzi wa darasa la nne watakaosoma mbele yako na kuyajibu maswali utakayopenda kuwauliza.

Tunaomba kuwasilisha.